Dakika Tatu kwa Mguu

Dalali wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hasemi uongo. Akikwambia kutoka nyumba hii mpaka baharini ni dakika tatu kwa mguu, ni dakika tatu kweli, hesabu mwenyewe. Asilokwambia ni kwamba na bahari nayo, kutoka kule mpaka kwako, ni dakika tatu hizo hizo, na yenyewe haihitaji miguu. Inaingia dirishani na upepo, inapanda ukutani na unyevu, inakwenda mpaka ndani ya kitasa, ndani ya feni, ndani ya kikopo cha chumvi mezani. Bahari imekuja kumtembelea ndugu yake, wamekumbatiana humo, na ukitikisa kikopo haitoki hata punje. Tia mchele mkavu nusu kijiko, utafyonza maji na chumvi itatoka. Lakini ndani ya feni huwezi kutia mchele.

Basi dalali anachukua kodi yake ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anachukua ya miezi sita mbele, na wewe unachukua ufunguo usiozunguka. Usiulazimishe, utakatikia ndani. Kitasa kipewe mafuta ya cherehani, matone mawili, na kila mwezi tena. Yuko jirani atakayekuletea mafuta ya nazi kwa roho safi kabisa. Mshukuru, kapikie. Mafuta ya nazi kitasani yanageuka gundi, na vumbi la mji mzima linakuja kukaa humo kama limealikwa. Na kufuli, usidanganyike na mwili wake wa shaba. Tazama ule upinde wa juu. Kama ni chuma, ndio utakaoganda kwanza, na utaganda usiku, mvua ikinyesha, mikono yako yote miwili ina vikapu.

Na hilo la dalali kusema "kila kitu kipo karibu". Kipo. Kutoka soko la Darajani mpaka Forodhani kando ya bahari, mtu asiye na jamaa anatumia dakika kumi na kitu. Lakini nani hapa hana jamaa? Kila baraza ina wazee wanne, na kila mzee ana salamu sita: umeamkaje, watoto, mama miguu inaendeleaje, mbona siku hizi huonekani (na jana mlionana), kazi, haya tena karibu kahawa. Ukipita bila kusimama una kiburi. Ukisimama, samaki anaoza. Kwa hiyo sokoni kuna utaratibu wake: salimia wakati wa kwenda, nunua samaki mwisho kabisa, kisha rudi kwa njia ya nyuma isiyo na baraza, hata kama ni ndefu. Na samaki mfunike vizuri, kwa sababu mkia wa changu ukichungulia tu kikapuni, swali la kwanza ni "bei gani?" na jibu, hata ungetaja nusu ya ulicholipa, ni lile lile: "Umeliwa!"

Njiani napo si pa kutembea kama uko ufukweni. Vespa hazionekani, zinasikika, na ndani ya kuta hizi ndefu sauti inayotoka mbele unaisikia nyuma. Ukisikia honi kwenye kona usikimbie wala usirudi. Ingia kwenye tundu la mlango wa mtu yeyote, kikapu kiwe upande wa ukuta. Kinachonasa kikapu ni kioo cha pembeni, na kikinasa, mayai yanafika Mkunazini bila ya wewe.

Kuhamia ndiko kunakotoa machozi. Lori linaishia barabara kubwa. Dereva anazima moto, anakunja mikono, kazi yake imekwisha. Kutoka hapo ni gari la hamali, magurudumu mawili na "Simile! Simile!" mtaa mzima, mpaka watu watoke madirishani kuhesabu vyombo vyako. Kwa hivyo kabla hujanunua kitu chochote kikubwa kuliko kibao cha mbuzi, chukua futi, upime mara nne: uchochoro pale unapobana kuliko pote, mlango wa nje, upana wa ngazi, na kona ya ngazi. Watu wanapima mlango wanarudi wamefurahi. Mlango wa nakshi una mabawa mawili, na aghalabu linalofunguliwa ni moja. La pili komeo lake limeshaoana na kutu. Tuseme umelifungua. Bado kona. Kona ya ngazi ndiyo inayokula friji. Ngazi za nyumba hizi zilijengwa kwa mtu aliyeshika kandili, si kwa mtu aliyekumbatia friji.

Godoro la sponji linakunjwa, linafungwa kamba, linapita. La springi halikunjiki, ni kama mgeni wa heshima, linataka lipite limesimama wima. Kochi lifunguliwe miguu kabla halijafika mlangoni, si baada ya kukwama, maana likishakwama skrubu zinakuwa upande usiofikika. Friji yenyewe ni ya dirishani. Kamba mbili, usikubali moja: ya kwanza ya kuvutia juu, ya pili anaishika mtu aliye chini ili friji isigonge ukuta na kung'oa chokaa ya jirani. Kizingitini tandika godoro bovu. Mlango wa friji ufungwe kwa utepe, na nyaya za umeme zilizopita uchochoroni zitazamwe kwanza, zisije zikatazamwa mwisho. Ikiwa ililazwa njiani, isimamishe usiku kucha kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye mashine yake. Na chini ya yote hayo, kwenye baraza, atakuwapo bwana ambaye maishani mwake hajanyanyua kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa, na ndiye atakayekuwa msimamizi: "Kushoto! Si kushoto kwangu, kushoto kwako!"

Umeingia. Sasa angalia chumba. Kirefu utadhani behewa, na upana mita 3, labda na kidogo. Usimlaumu fundi wa zamani. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Boriti inapokoma, chumba nacho kinakoma. Kitanda cha futi sita kinakula sentimita 183. Kabati linakula 60. Kilichobaki ni sentimita 57, na hizo ndizo za kupita mume, mke na ndoo. Mnapita kwa ubavu, kama kaa.

Ukutani usipigilie msumari. Ukuta una unene wa nusu mita na zaidi, kwa macho ni ngome, lakini ndani ni mawe ya matumbawe yaliyolazwa kwa chokaa na udongo. Msumari wa inchi tatu unaingia kama kisu kwenye boga, halafu unatoka pamoja na picha, na pamoja na sahani nzima ya plasta. Toboa kwa mashine iliyozimwa nyundo yake, izunguke tu, tia kigingi cha mti mkavu, ndipo utie skrubu. Ukuta huo huo unaoshindwa kushika picha ya harusi una nguvu za kuzuia waifai. Ruta iko ukumbini, intaneti inafika kizingitini inavua viatu na kurudi. Pitisha waya mpaka chumba cha pili, hakuna dawa nyingine.

Tuje kwenye plasta, maana hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Chini ya ukuta kunatokea doa, kisha rangi inavimba, kisha unaamka sakafuni kuna unga mweupe. Unamwita fundi. Fundi anagonga ukuta kwa kidole, anatikisa kichwa kama daktari, anasema: "Hapa tutie saruji, hutaniita tena." Kwa sentensi hiyo tu mrudishe alikotoka. Maji yanapanda kutoka ardhini yamebeba chumvi, na ukuta wa chokaa unapumua: maji yanatoka nje taratibu, yanakauka, maisha yanaendelea. Ukiuvisha saruji umeuvalisha koti la mvua. Maji hayatoki, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kupumulia, na chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, inakua, inaisukuma mpaka inadondoka ubao mzima. Doa lililokuwa magotini sasa liko kifuani. Fundi alisema hutamwita tena na ni kweli, simu yake haipatikani.

Inavyotakiwa ni hivi. Ng'oa plasta mbovu mpaka sentimita 30 juu ya doa. Chumvi ifagiliwe kavu, kwa brashi. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ikalale vizuri. Ukuta uachwe wazi ukauke wiki kadhaa, na wageni wakija waambie ndio mtindo. Chokaa iwe imerowekwa siku nyingi, ya haraka haraka ina punje zitakazolipuka vipele ukutani baadaye. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga uwe wa shimoni, usiende kuzoa ufukweni kwa kuwa ni dakika tatu kwa mguu. Huo una chumvi, utakuwa umenunua ugonjwa uleule bure. Paka nyembamba nyembamba, sentimita moja kila safari, na kila siku nyunyizia maji kwa wiki nzima, kama mtu anayelea mche. Juu yake tia chokaa ya kupaka, si rangi ya plastiki, kwani rangi ya plastiki nayo ni koti la mvua, nyepesi tu. Na ukitaka kugusa dirisha, mlango au sura ya nyumba, ni kibali kwanza. Tangu 2000 mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Maana yake ukuta wako unaovuja ni mali ya binadamu wote, ila ndoo ya kukingia ni yako peke yako.

Maji nayo yanajua kupoteana. Yasiyotakiwa yako ukutani, yanayotakiwa yana saa zake, na saa zake ni zile za popo. Kwa hiyo kila mtu anataka tangi juu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, gari dogo limeegeshwa kichwani mwako, na limebebwa na boriti za mikoko ambazo mchwa wamekuwa wakizitafuna kimyakimya tangu kabla hujazaliwa. Hapa mzaha kando: Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883 hapa hapa mjini, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na watu wakapoteza maisha. Tangi liwe dogo, mawili ya lita 500 kuliko moja kubwa, kila moja kwenye pembe ambapo kuta nene zinakutana, juu ya mbao zilizolazwa kukatiza boriti kadhaa. Na uzigonge boriti kwanza kwa mpini wa nyundo. Inayolia "ko" nzito iko hai. Inayolia kama debe tupu, ondoka chini yake.

Mapaa ya zamani yalikuwa sakafu za chokaa, yakivuja, watu wakayafunika mabati. Bati si linaloanza kuoza, ni msumari. Kutu inaula kofia yake, tundu linapanuka, masika inaona njia. Kila mwaka kabla ya Machi panda ubadilishe misumari, si bati zima. Ila ule mfereji wa kati, pale paa lako na la jirani zinapokutana, huo hauna mwenyewe. Ukiziba ni wako, ukisafishwa ni wake. Na mvua kubwa ikikutana na bamvu, yale maji makuu ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, mitaro inayoishia baharini inakuta bahari imeshajaa mlangoni, maji yanageuka, yanarudi kwako. Dakika tatu.

Nguo zianikwe juu asubuhi, ziteremshwe kabla ya magharibi. Zikilala nje zinakunywa chumvi ya upepo, na shati lenye chumvi halikauki, linakaa na unyevu wake wa kunata. Sabuni usiiache kwenye ukingo hata dakika moja, kunguru anaipenda kuliko mkate. Anakwenda nayo juu ya paa la msikiti, anaipekua, anaitazama, halafu anaiangusha kwa jirani, na jirani anakurudishia akiwa na swali: "Hii ndiyo unayofulia?"

Kitu kimoja tu kina raha, kikapu. Kamba ya mita kumi, kikapu kidogo cha ukili, unateremsha kutoka dirishani, muuza mkate anatia boflo tatu, unavuta. Noti iwekewe jiwe juu, la sivyo kusi inaipeleka kwa mtalii aliyesimama chini, ambaye anapiga picha kikapu, dirisha na nguo zako za ndani, kisha anauliza nyumba aliyozaliwa yule mwimbaji Freddie Mercury ni ipi. Mwelekeze popote. Kila mtaa una yake.

Mkataba ukikaribia kwisha, kila mpangaji anaapa. Anahamia Fuoni, Mwanakwerekwe, popote penye lori linalofika mlangoni na ukuta unaokubali msumari. Anatafuta dalali, anaona nyumba, anakubaliana bei. Anarudi, anakaa kitandani, miguu kwenye zile sentimita 57, anaitazama friji. Halafu anachungulia dirishani. Chini, kwenye baraza, yule bwana ameshaweka kikombe pembeni na anakunja mikono ya kanzu.

Analipa miezi sita mingine.