Bungua wa vijitawi: mafunzo kwa wahudumu wa vitalu vya kahawa yana faida gani?

Bungua mweusi wa vijitawi (Xylosandrus compactus) ni mdudu aliyetoka Asia. Uganda alionekana mara ya kwanza Bundibugyo mwaka 1993, na leo anasumbua maeneo mengi ya kahawa aina ya Robusta nchini humo. Mashamba ya Robusta ya Kagera, Tanzania, yamepakana na nchi hiyo, na miche na vikonyo (vipande vya chipukizi vinavyopandwa ili vitoe miche) huuzwa huku na huko. Kila suala hili likijadiliwa, pendekezo la kwanza huwa ni kuwapa mafunzo wahudumu wa vitalu. Tunaliunga mkono, ila jinsi linavyotekelezwa kwa kawaida haliwezi kumzuia mdudu huyu.

Anayelitetea ana hoja nzito, na inatokana na tabia za mdudu mwenyewe. Jike hafiki hata milimita 2. Hutoboa kijitawi kibichi, mara nyingi upande wa chini, au shina la mche, kwa tundu lisilozidi milimita 1. Akishaingia huotesha ukungu aliokuja nao, na mabuu hula ukungu huo badala ya mti. Madume hayaruki; hujamiiana na dada zao humo humo, kwa hiyo jike anayetoka ana uwezo wa kuanzisha kizazi kipya bila kutafuta dume. Kuanzia yai hadi mdudu kamili ni kama mwezi mmoja. Mkaguzi anayefika mara moja kwa msimu atakuta vizazi kadhaa vimeshapita, na dawa inayoua kwa kumgusa mdudu haimfikii akiwa ndani. Aliye karibu na mche kila siku ni yule anayeumwagilia.

Upande wa pili nao wana hoja. Wahudumu wengi ni vibarua wa msimu. Uliyemfundisha Machi huenda Septemba yuko kwenye ujenzi. Kisha kuna hesabu: kitalu chenye miche 20,000, ukitumia sekunde 5 tu kwa kila mche, kinahitaji saa 28 za ukaguzi. Hakuna mwenye kitalu atakayelipia saa hizo kila wiki. Zaidi ya hapo, chanzo cha bungua mara nyingi ni shamba kuukuu la jirani au miti iliyo kandokando, maparachichi yakiwemo, na mhudumu hana la kufanya kuhusu mali ya mtu mwingine.

Hoja ya saa ina jibu. Miche haihitaji kukaguliwa wote kila wiki. Kuna nyakati tatu ambapo kila mmoja unapita mkononi kwa vyovyote: kikonyo kinapokatwa, mche unapotolewa kwenye chumba cha unyevu ambamo vikonyo huoteshwa mizizi, na unapopakiwa. Wakati wa kukata kikonyo ndio wenye gharama ndogo kuliko yote. Kigeuze uangalie upande wa chini, kisha utazame mkato wenyewe: ukiona kishimo au doa la kahawia au jeusi katikati, usikipande. Tena usichukue kikonyo kingine kwenye chipukizi hilo. Kosa linalojirudia ni kusubiri majani yanyauke ndipo mche utiliwe shaka. Kunyauka huja baada ya mdudu kuingia na ukungu kuenea, na huenda mayai yameshatagwa. Ishara ya kutafuta ni tundu, na pengine unga mweupe wa mbao mdomoni mwake.

Mafunzo ya ukumbini kwa picha za ukutani hayatoshi kwa kazi hii. Mshiriki apewe vijitawi vilivyoshambuliwa na kisu kikali, apasue kwa urefu, auone mfereji, mabuu meupe na mti uliogeuka mweusi. Awekewe pembeni mche wenye mnyauko fuzari (ugonjwa wa ukungu), ambao hunyauka mzima bila tundu, na mwingine uliokatwa na sota (kiwavi akataye miche) usawa wa udongo. Asiyeweza kutofautisha hivyo vitatu atachoma miche isiyo na bungua na kuacha yenye bungua.

Kuhusu kuangamiza, mengi huharibikia hapa. Mche wenye tundu kwenye shina ung'olewe wote. Kwenye bustani mama, yaani ya miti inayokatwa vikonyo, kijitawi kikatwe sentimita 5 hadi 8 chini ya tundu. Kitiwe papo hapo kwenye mfuko unaofungwa na kichomwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kikiachwa chini waliokomaa hutoka na kurukia miche iliyo jirani. Kukitupa kwenye mboji au kandokando ya kitalu ni kuwaachia waendelee kuzaliana. Mtego wa chupa yenye spiriti unafaa kukujulisha kwamba wamefika, lakini usiutegemee kulinda miche.

Hoja ya vibarua ndiyo inayotupa wasiwasi zaidi, na kuongeza semina hakuitatui. Mhudumu anayelipwa kwa idadi ya miche iliyo hai hujikata mwenyewe malipo kila anapong'oa mmoja. Mtu wa namna hiyo, hata awe na ujuzi kiasi gani, atanyamaza. Kabla ya siku ya mafunzo, mwenye kitalu akubali mambo mawili: mche ulioteketezwa kwa sababu ya bungua ulipwe sawa na uliopona, na mhudumu awe na haki ya kusimamisha upakiaji bila kusubiri ruhusa. Mwenye kitalu asiyekubali hayo, fedha za semina zingefaa zaidi kumlipa afisa ugani wa kusimama getini siku za kupakia.