Kila Kitu Chango

Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya chupa. Chupa ya maji ya lita moja, lebo imebanduliwa gundi ikabaki, ndani maji ya rangi ya tope na machicha yametuama chini. "Hii inaondoa chango, inasafisha kizazi, inayeyusha uvimbe, na mtoto inaleta." Chango, kwa lugha ya mtaani, ni maumivu ya tumbo la hedhi na kizazi. Nikamuuliza ni dawa ya nini hasa. Mizizi. Mizizi ya mti gani? Hajui. Muuzaji kasema ni siri ya ukoo.

Siri! Tumboni mwako, lakini siri ya ukoo wake.

Sina ugomvi na mitishamba. Tangawizi nakunywa mwenyewe. Maumivu ya kawaida ya hedhi yanaletwa na prostaglandini, kemikali zinazoubana mji wa mimba, na tangawizi inadhaniwa kusaidia kuzipunguza. Utafiti mmoja wa Iran uliochapishwa 2009 uliwagawa wanafunzi 150: wengine kapsuli za tangawizi za miligramu 250 mara nne kwa siku, wengine ibuprofen, wengine asidi ya mefenamiki, zote mbili dawa za maumivu za hospitali. Nafuu ikakaribiana. Haya, bibi zetu walijua, nimekubali. Kujikanda kwa maji ya moto nako kunasaidia.

Kinachonichoma ni hilo neno chango. Binti akijikunja siku ya kwanza, chango. Akitapika mpaka nyongo, chango. Fibroidi (vivimbe vya mji wa mimba), chango, maambukizi ya kizazi, chango. Endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, nao unazikwa humo humo. Jina likishapatikana, hakuna anayeuliza tena. Unapewa kikombe.

Mimi nilipewa nikiwa na miaka 15. Nakumbuka sakafu ya bafu, shavu langu kwenye saruji kwa sababu ilikuwa na ubaridi, na shangazi mlangoni ameshika kikombe: "Kunywa mwanangu, ukizaa litaisha." Alinipenda, sibishi. Lakini mtoto wa miaka 15 anaambiwa asubiri kuzaa?

Basi nikampigia rafiki yangu. Maumivu yanakuzuia kwenda kazini? Siku mbili, wakati mwingine tatu. Unazimia? Nimezimia mara moja tu. Tangu lini? Tangu nivunje ungo.

"Kwani," akaniuliza, "wewe hukuwa na chango?"