Kurudi Baada ya Matanga Kuanuliwa

Riwaya nyingi za vijana kuhusu kukwepa kifo huzunguka swali moja: je, ataponea? Shujaa hukimbizana na Izraili tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, nasi tunafungua kurasa kwa pupa tuone nani kamzidi mwenzake mbio. Noggin, riwaya ya Mmarekani John Corey Whaley iliyotoka mwaka 2014, haina haja na mbio hizo. Inapoanza, Travis Coates ameshakufa na ameshafufuka. Kilichobaki ni kuishi na watu waliokwisha kumlilia, na sijasoma riwaya nyingine ya vijana iliyoutazama ugumu huo kwa ujasiri kiasi hiki.

Travis ana miaka 16, anaishi Kansas City, Missouri, na saratani ya damu imewashinda madaktari. Anakubali kukatwa kichwa, kigandishwe, kitunzwe mpaka siku utaalamu utakapopatikana. Wote wanaomuaga wanaamini siku hiyo, kama itakuwapo, haitawakuta duniani. Inafika baada ya miaka 5 tu. Kichwa kinaunganishwa na kiwiliwili cha Jeremy Pratt, kijana aliyeuawa na uvimbe kwenye ubongo, na Travis anaamka akiwa na miaka 16 ileile. Alifumba macho, akafumbua. Cate, mpenzi wake, sasa ana miaka 21 na amechumbiwa na mwanamume mwingine.

Kuna Kyle pia, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na hapa ndipo nilipomvulia kofia Whaley. Kabla ya Travis kufa, Kyle alimfungulia moyo: alimwambia anavutiwa na wanaume. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alimchagua Travis kwa sababu siri ile ilikuwa inakwenda na mwenyewe. Sasa mwenye siri amerudi, na Kyle ana mpenzi wa kike na hataki kabisa kukumbushwa. Tuliowahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa asiye na tumaini tunajua jinsi watu wanavyosema pale maneno ambayo hawangeyasema popote. Wanaomba radhi za mambo ya zamani, wanakiri, wanatoa ahadi. Yote hayo husemwa kwa sababu mlango uko karibu kufungwa. Sikuwahi kufikiria aibu ya mtu aliyesema vile, halafu mlango usifungwe.

Wazazi nao wana lao. Waliachana katika miaka ile mitano, na mwanao anaporudi wanaigiza ndoa mbele yake ili nyumba ifanane na ile aliyoiacha. Sehemu hii inaniuma kuliko ya Cate. Ni upendo mtupu, na ni uongo mtupu, na hakuna wa kulaumiwa.

Sisi tuliokulia pwani tuna utaratibu wa mambo haya. Mtu huzikwa, watu hukaa matanga, siku ikifika matanga yanaanuliwa. Nguo za marehemu hugawiwa, madeni yake hulipwa, mjane hukaa eda mpaka ikaisha, na akitaka kuolewa tena huolewa bila mtu kumnyooshea kidole. Utaratibu huu unawapa walio hai ruhusa ya kuendelea. Cate aliomboleza, akamaliza, akaendelea. Travis anarudi na kumdai kana kwamba alikuwa safarini, mpaka anafikia kumnunulia pete na kumposa. Kurasa nyingi nilimkasirikia kijana huyu, na naamini Whaley alitaka tumkasirikie bila kuacha kumhurumia. Ana miaka 16. Hakuomboleza chochote, maana yeye ndiye aliyekuwa maiti.

Sayansi yenyewe ni nyepesi, na mpenzi wa sayansi ya kubuni anayetaka mitambo na maelezo hatashiba. Mwaka 1970, huko Cleveland, daktari Robert White alihamishia kichwa cha nyani mmoja kwenye mwili wa mwingine. Mnyama alizinduka na kuishi siku chache, lakini hakuweza kusogeza chochote chini ya shingo kwa sababu uti wa mgongo ulikuwa umekatwa. Mpaka leo hakuna aliyelivuka tatizo hilo. Kugandisha nako kuna historia ndefu: Mmarekani James Bedford alihifadhiwa alipofariki Januari 1967, na bado yumo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huko Arizona. Wengine wengi wamemfuata. Hajaamshwa hata mmoja. Whaley anayapita haya upesi, na mimi namsamehe, kwa kuwa anachokichunguza kiko kwingine. Nisichomsamehe kirahisi ni Jeremy. Ningetaka kurasa nyingi zaidi juu ya mwenye mwili. Mama yake angeweza kuishika mikono aliyoizaa, kisha akinyanyua macho akakutana na uso wa mtoto wa mwenzake. Hiyo peke yake ni riwaya.

Nikiwa nasoma nilimkumbuka binti wa Uingereza ambaye habari yake ilitangazwa Novemba 2016. Alikuwa na miaka 14 na saratani isiyotibika, na alimwandikia jaji barua akiomba ahifadhiwe kwenye baridi ili apate nafasi ya kutibiwa na kuamshwa, hata baada ya mamia ya miaka. Mama alikuwa upande wake; baba alipinga. Jaji Peter Jackson wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mama ndiye mwenye neno juu ya mwili. Binti alifariki Oktoba mwaka huo na mwili ukapelekwa Marekani. Siwezi kumlaumu mtoto wa miaka 14 kwa kutotaka kufa. Lakini hoja ya baba yake haijanitoka: tuseme ameamka baada ya miaka 200, atamkuta nani? Hatakuwa na ndugu hata mmoja, pengine hatakumbuka mambo, na ni mtoto peke yake katika nchi ya ugeni. Travis, kwa miaka 5 tu, alipoteza mchumba, ndoa ya wazazi na rafiki, ilhali wote wako hai na wanampenda. Ukilinganisha, Travis alipata bahati kubwa.

Jambo lingine linalonifanya nikitetee kitabu hiki ni kwamba kinaishia pale kinapoishia. Wachapishaji wa riwaya za vijana wanapenda misururu ya vitabu vitatu vitatu, na hadithi ya aliyeshinda kifo ingeweza kunyooshwa bila kikomo: kliniki yenye njama, serikali inayowasaka waliofufuliwa, kichwa cha pili, cha tatu. Mwendelezo wowote ungelazimika ama kumuua Travis upya au kumfanya asife kabisa, na vyote viwili vingefuta uzito wa alichokipoteza. Whaley anamwacha akiwa hai, mwenye mwili wa kuazima, na kazi ya kujuana upya na kila mtu. Huwa nasikia wasomaji wakilalamika kwamba hatuambiwi ataishi muda gani. Sisi nasi hatujaambiwa, na sioni kwa nini yeye apewe zaidi.