Ihumwa ni karibu na kazi, siyo karibu na shule
Mwandishi wa makala ya wapi pa kujenga hapa Dodoma anasema mwenye watoto akajenge Ihumwa kwa kuwa ni jirani na Mji wa Serikali, Mtumba. Ni jirani kwa baba anayefanya kazi wizarani, sawa, lakini mtoto je? Wangu alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, daladala mbili hadi shule mjini, na Agosti, kwa upepo wetu huu, soksi nyeupe zinarudi nyekundu. Maji ndiyo usiseme: mvua zikishakatika Aprili, tuliishi kwa simtanki na boza mpaka Desemba. Tumehamia Nzuguni, kiwanja kiduchu (mke bado analalamikia bustani yake), ila shule wanakwenda kwa miguu. Mliopo Iyumbu, maji huko yanatoka mara ngapi kwa wiki?