Julien Paluku: miaka 12 kwa kura moja

Ukikaa na watu wa Butembo na watu wa Goma, ukataja jina la Julien Paluku Kahongya, utapewa wasifu wa watu wawili. Kwa wengine ni kijana wa Lubero aliyepanda kwa kazi: msimamizi wa wilaya, meya wa Butembo, gavana wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia 2007 hadi 2019, kisha waziri wa viwanda, na tangu 2024 waziri wa biashara ya nje. Kwa wengine ni gavana ambaye chini yake Goma, makao makuu ya mkoa, ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, Novemba 2012, na mauaji ya Beni yakaanza Oktoba 2014.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Gavana wa Kongo hana jeshi. Majenerali wanapokea amri kutoka Kinshasa. Hata fedha hana. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, ibaki hukohuko inakokusanywa, lakini Kinshasa haijawahi kukitekeleza kikamilifu. Kumtwika gavana lawama ya ADF, waasi wanaohusishwa na mauaji ya Beni, ni kumsamehe aliyeshika bunduki na hazina.

Ila hoja hiyo inaruka jambo moja. Bunge la mkoa lilimchagua mwaka 2007 kwa muhula wa miaka mitano. Uchaguzi wa mikoa haukufanyika tena hadi Desemba 2018, kwa hiyo kura moja ilimweka madarakani miaka 12. Hakuahirisha uchaguzi yeye; hilo lilikuwa la Kinshasa. Lakini alikuwa mtu wa kambi ya rais wa wakati huo, Joseph Kabila, na kambi hiyo ndiyo iliyonufaika na ucheleweshaji. Gavana anayejua kwamba wapigakura hawatamfikia karibuni humsikiliza nani? Hapo ndipo ninapomwona na deni, kuliko kwenye vita vyenyewe.

Baada ya hapo alijua upepo unakoelekea. Kabila na rais aliyemfuata, Félix Tshisekedi, walipoachana mwishoni mwa 2020, alihamia Muungano Mtakatifu, kambi mpya ya Tshisekedi, na kubaki na wizara yake. Waliomwita msaliti walisahau kwamba wabunge wengi walifanya vivyo hivyo.

Na uwaziri wa viwanda ulimfaa. Alibeba wazo la Kongo kuacha kuuza kobalti ghafi na kutengeneza malighafi ya betri nyumbani. Utafiti wa 2021 ulisema kiwanda cha tani 10,000 kingegharimu dola milioni 39, karibu theluthi moja ya gharama ya Marekani, na Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano. Wazo zuri, na alilieleza vizuri kuliko wengi. Mpaka sasa, hata hivyo, mikataba inaonekana kuliko mitambo, na umeme wa kuendesha kiwanda kama hicho haukuwa chini ya wizara yake.

Leo anasimamia biashara ya nje ya nchi ambayo Bunagana, mpaka wake na Uganda, uko kwa M23 tangu Juni 2022, na Goma tangu Januari 2025. Tena ana cheo kuhusu mambo ambayo hana nguvu nayo. Safari hii, angalau, hawezi kusema hayumo ndani ya serikali inayotoa amri.