Kuyeyuka kwa lehemu si suala la wastani
Eti lehemu ya stani na risasi, ile metali ya kuunganishia waya za umeme, huyeyuka katikati ya viwango vya metali hizo mbili? Sivyo kabisa. Stani huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, risasi kwa 327, lakini ukichanganya stani asilimia 63 na risasi 37 kwa uzito, mchanganyiko huyeyuka kwa 183 tu, chini ya zote mbili, na hugeuka kimiminika papo hapo. Ile ya 60/40 (stani 60, risasi 40) huanza kuyeyuka hapohapo 183 ila humalizikia karibu 190. Kati ya viwango hivyo viwili huwa kama uji mzito, na waya ukitikisika wakati huo kiungo hupauka, hupata nyufa, na umeme huanza kukatikakatika. Mnaotumia lehemu isiyo na risasi, ncha ya pasi ya kulehemia mnaiweka nyuzi ngapi?