Omena Ndani ya Pampu

Bosi wangu haamini chujio. Miaka yote ambayo ameosha makapeti hapa Kisumu, ameshikilia kwamba kile kichujio cha wavu kinachokaa mwisho wa paipu ya mashine yetu ya kuoshea, ndani ya tangi la maji safi, ni ujanja wa watengenezaji wa kutuuzia vipuri. "Kinachelewesha maji," husema, halafu hukichomoa na kukitia mfukoni pamoja na sarafu na vifuniko vya soda.

Siku hiyo tulikuwa Milimani, kwa Mama mmoja aliyekuwa na wageni wa ayie kesho yake, ile sherehe ya Kijaluo ambapo upande wa bwana harusi huja kuomba ridhaa ya mama wa binti. Kapeti la rangi ya maziwa, ukuta kwa ukuta. Bei yake tuliambiwa kabla hatujamaliza kuvua viatu. Mfereji ulikuwa mkavu, na ziwa lote lile liko pale chini linatutazama. Bosi akachukua ndoo aliyoikuta kando ya sinki, akachota maji kwenye pipa la nyuma ya nyumba, akajaza tangi. Ile ndoo ilikuwa ya kazi gani, hakuuliza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mara maji kwenye fimbo, ule mkono wa mashine unaonyunyiza na kunyonya, yakapungua, yakawa ya kutemea mate, yakakatika kabisa. Pampu lakini ikaendelea kunguruma.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua: pampu ya namna hii ina kipande cha mpira ambacho mota hukisukuma mbele na nyuma. Kuna valvu ya kuingiza maji na valvu ya kuyatoa. Ikiwa nzima, hii yetu husukuma maji kwa shinikizo la karibu psi 100. Kikikwama kitu kidogo tu kikaiacha valvu moja wazi, maji huenda na kurudi palepale, huku mota ikiimba kana kwamba inalipwa kwa saa.

Nikamwambia Bosi tuangalie valvu. Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, huo ni umeme mdogo."

Akachomoa friji ya Mama, iliyojaa kuku na ngege, yaani tilapia, wa kesho. Pampu ikanguruma vilevile. Basi ikawa ni hewa. Akaunganisha paipu ya kunyonya na tundu la maji ili hewa itoke, na hapo nampa haki yake, kwa sababu ndivyo inavyofanywa pampu ikishika hewa. Hewa ikatoka. Ilitoka na harufu.

"Hiyo ni sabuni mpya," Bosi akasema, bila mtu kumuuliza.

Kufikia hapo paka wa jirani alikuwa dirishani. Akaja wa pili. Mama akaacha simu, akaja kusimama juu yetu mikono kiunoni. Ndipo nikaruhusiwa kufungua. Nikatandika gazeti, nikazima mashine, nikachomoa waya ukutani, nikafungua skrubu za kichwa cha pampu. Mpira haukuwa na ufa. Valvu ya kutoa ilikuwa safi. Kwenye ya kuingiza, jicho lilikuwa likinitazama.

Kichwa cha omena, dagaa wa ziwani. Kizima, mdomo wazi.

"Yawa!" Mama akasema. Akaita jikoni. Dada wa kazi akatokea, akaiona ndoo, akaniona mimi, akasema polepole kwamba omena wa mchana alikuwa amewaloweka humo na alikwenda tu kutafuta karai.

"Kwa hiyo," Mama akamgeukia Bosi, "kapeti langu umeliosha kwa supu?"

Bosi akaingiza mkono mfukoni. Nilisikia sarafu zikigongana, lakini chujio hakikutoka mbele ya mteja.

Kilichofuata kilikuwa jasho. Nilimwaga tangi lote, nikapitisha maji safi yenye siki nyeupe kwenye pampu na paipu zake, nikazibua tundu za fimbo kwa mswaki wa zamani, nikaridhika tu maji yalipotoka hayana mchanga wala magamba. Siki tungepaswa kuipitisha mara kwa mara hata bila samaki, maana sabuni huganda humo ndani, ila kwa Bosi siki ni ya kachumbari. Kapeti tulilisuuza upya, tukalinyonya, tukawasha feni zote za nyumba. Friji niliirudisha mimi.

Yaliyobaki nilisimuliwa na yule dada. Wageni waliingia, wakakaa, maombi yakafanywa. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akavuta pumzi ndefu, akatabasamu, akasema nyumba hii inajua kupokea watu. Kuku akaletwa, ngege akaletwa. Mzee akala kidogo kwa heshima, macho kwenye mlango wa jikoni. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Na ile omena?"

Ikabidi mtu atumwe mbio sokoni Kibuye.

Mama alitulipa, ila alikata bei ya omena gorogoro nzima, lile kopo la kupimia sokoni. Bosi akampigia simu, akabishana naye mpaka salio likaisha: gorogoro ni kumwonea, kwenye pampu kulikuwa na kichwa kimoja tu.